Namba Moja Haijapakwa Rangi

Kiolezo cha kwanza cha bawa tulikichonga kwa msonobari.
Wiki ya pili mchwa wa Nakasongola wakakisoma
toka ncha hadi shina,
wakatuachia ganda na vumbi.
Injinia Nabwire akacheka peke yake:
"Jaribio la kwanza limefeli. Andikeni."
Tukaandika.
Ndivyo ndege ya vita inavyoanza huku kwetu:
si kwa ngurumo, kwa daftari.

Mimi Ejoku, fundi wa bati, mzaliwa wa Ngora.
Ribiti nilizijulia kwenye masufuria na masanduku ya shule
kabla jeshi halijanifunza Kiswahili na subira.
Namba Moja naijua kwa kupapasa, hata taa zikizimwa.
Tundu la kumi na tisa, chini ya bawa la kushoto,
mchoro ulikosea kwa unene wa unywele;
nikalisugua kwa tupa, nikapuliza, nikalamba kidole,
likakubali.
Sikumwambia mtu.

Siku ya kupaa Kapteni Adriko alikataa chai.
Aliizunguka mara mbili, akaigonga ubavuni
kama mnunuzi wa tikiti maji.
Dakika kumi na moja hewani, magurudumu nje,
maana ndege changa haikunji miguu.
Ng'ambo ya uzio wachoma makaa waliinua vichwa,
kisha wakarudi kwenye moshi wao.
Alipotua alisema maneno mawili:
"Inavuta kulia."
Miezi saba ikaondoka na maneno hayo mawili.

Namba Mbili haikuzaliwa iruke.
Tuliifunga sakafuni kwa minyororo,
tukayasukuma mabawa juu kwa jeki, kidogo kidogo.
Asilimia mia: banda kimya.
Mia na ishirini: bati likaanza kuguna.
Mia na arobaini na sita.

Mlio ule sijausikia tena, wala sitaki.
Na lilipasukia wapi?
Tundu la kumi na tisa.

Nabwire hakunikaripia. Alivuta kiti, akaniketisha,
akaniwekea karatasi nyeupe.
"Kila kitu mkono wako ulichofanya bila kutuambia."
Nikakaa mpaka posho ikapoa na maharage yakaganda.
Pumzi unaiandikaje?
Kidole kilicholambwa ni milimita ngapi?
Nikaandika. Makosa thelathini na manne ya mchoro,
yote niliyafunika kwa mapenzi.

Siku hizi tuna fremu za chuma; mchwa na wajaribu meno.
Tuna vijana arobaini wa aproni za bluu,
kila mmoja na tundu lake, kila tundu na kipimo chake,
na bawa la Namba Tisa unaweza kuivisha Namba Kumi na Nne
bila tupa, bila mate.
Zinatoka mlangoni kama mikate,
nami sikumbuki sura ya hata moja.
Binti mmoja, Akiteng, aliniuliza
mbona hatua ya kumi na tisa inasema *kagua kwa kidole*
wakati mashine ipo.
Nikamjibu ni kanuni.

Mama, aliyewahi kulala kifudifudi kwenye mihogo
kitu kikipita juu kikitafuta watu,
alinipigia simu Jumapili:
"Hizo zenu, zitajua nyumba ni ipi?"
Sikuwa na mchoro wa swali hilo.
Nikamwambia mtandao unakatika.

Namba Moja ipo nyuma ya banda, bati tupu,
nyaya zimening'inia, kiti kimeshang'olewa.
Haitakwenda popote. Ilishasema yote iliyokuwa nayo,
na wengine sasa wanayarudia bila kigugumizi.
Jana niliipangusa.
Kando ya gurudumu la kushoto mchwa wameinua kichuguu,
kirefu kama kidole changu cha shahada.
Sikukibomoa.
Nilikipima tu, nikatoa daftari,
nikaandika.